Dole Moja kwenye Fomu Thelathini na Mbili

Jumamosi, mwisho wa Februari. Nduguti, nyumbani kwa mama.

Leo ni siku ya kumi na moja bila mvua. Alizeti ya mama nyuma ya nyumba imefika kiunoni. Ikifika saa sita majani yake yanalegea, jioni yanajikaza tena. Upepo unavuma tangu asubuhi na mlango wa jiko unajigongagonga. Ningeweza kwenda kuufunga. Nimekaa tu.

Zimebaki wiki tatu nianze muhula wa mwisho wa shahada yangu ya uzamili. Mliozoea kupita hapa mnajua nimeusubiri muhula huu kwa namna gani. Mnajua barua zangu za kuomba ruhusa ya masomo zilivyorudi mara mbili kabla ya kukubaliwa. Mnajua nilivyoingia darasani Dodoma na vijana waliomaliza shahada ya kwanza juzi tu, mimi nesi wa zahanati ya kijijini, miaka thelathini na minne, naogopa hata kunyoosha mkono kuuliza swali. Nilishapanga kichwani nitaandika nini siku kama ya leo. Ningeandika kwamba nimebakiza kusahihisha tu.

Sitaandika hivyo.

Mwanaidi amenidanganya.

Sentensi hiyo nimeifuta mara nne. Mwanaidi si jina lake. Nimelibadilisha asijulikane. Kwa hiyo hata leo bado namkinga, na hilo nalo linanikera.

Tulikutana chuo cha uuguzi, tukapangwa kitanda cha juu na cha chini. Yeye binti wa Sepuka, mimi wa huku Mkalama. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa namwekea uji wake wa kufuturu kwenye ndoo yangu, usiliwe na wenzetu. Tulipomaliza tukaenda kuripoti vituo tofauti, baada ya mwaka akahamishiwa kwetu, na tangu hapo ni miaka saba tunafanya kazi zahanati moja. Watoto tuliowapokea pamoja siwezi kuwahesabu. Nilipopata nafasi ya kusoma, zamu zangu alizibeba yeye.

Utafiti wangu unauliza jambo moja: kwa nini mama ajifungulie nyumbani wakati zahanati ipo? Nilichagua maeneo matatu. Mawili niliyamaliza mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, kwa miguu na kwa bodaboda, nyumba kwa nyumba. La tatu lilikuwa vitongoji vya ng'ambo ya korongo, upande wa Kinyangiri. Nilikuwa nianze huko mwanzoni mwa Januari.

Mama akapata kiharusi.

Alikuwa shambani anapalilia, akaanguka upande wa kulia. Nilikaa naye hospitali mjini Singida karibu wiki tatu. Dodoso zangu zilibaki kwenye mfuko wa salfeti chini ya kitanda chake, pamoja na beseni na kanga. Ndipo Mwanaidi akaja. Alikuwa kwenye likizo yake ya mwaka. Alileta uji kwenye chupa, akamgeuza mama, akambadilisha shuka bila kuambiwa na mtu, kisha akanivuta pembeni kule koridoni.

"Niachie hao wa Kinyangiri, Eli," aliniambia. "Dodoso nalijua, tumelitunga wote. Wewe kaa na mama."

Jina lake lilikuwa tayari limeandikishwa chuoni kama msaidizi wangu wa utafiti. Hakuna utaratibu niliouvunja. Nilimkabidhi mfuko na orodha ya majina niliyopewa na mwenyekiti wa kitongoji. Nililia pale koridoni, akanifuta machozi kwa upindo wa hijabu yake.

Baada ya siku kumi aliurudisha mfuko. Fomu thelathini na mbili, zimejazwa zote, mwandiko wake mzuri wa mviringo. Kila moja na fomu yake ya ridhaa, na penye saini, kote alama ya dole kwa wino wa zambarau. Aliniambia watu wa kule ni wakarimu sana.

Nikarudi Dodoma, nikaandika. Kwa fomu zile, vitongoji vya ng'ambo ya korongo ndivyo vilivyong'aa kuliko vyote. Karibu kila mama alijifungulia zahanati, karibu kila mmoja aliridhika. Nilishangaa, kisha nikafurahi. Niliandika kurasa kumi na nne kueleza kwa nini watu wa mbali wanafanya vizuri kuliko wa karibu. Msimamizi wangu, ambaye humu nitamwita Dokta tu, ni mama mkali na hasifii ovyo. Pembeni mwa sura ya nne aliandika kwa kalamu nyekundu: "Hili ni jipya. Likuze. Nenda kachukue maneno ya kina mama wenyewe, watatu au wanne wanatosha."

Ndiyo maana Jumanne nilikwenda Kinyangiri.

Korongo lilikuwa kavu, mchanga mweupe, na katikati kamfereji ka maji ambako pikipiki ilikavuka bila kupunguza mwendo. Nilipita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kama adabu inavyotaka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikamshukuru kwa kumpokea vizuri mwenzangu mwezi wa kwanza.

"Mwenzako yupi?" akauliza.

Nikamweleza. Akatikisa kichwa taratibu.

"Mwezi wa kwanza hapa hakuvuka mgeni, binti yangu. Maji yalikaa siku tisa. Hata mwalimu wetu alikwama ng'ambo kule."

Nilitabasamu. Nikajiambia mzee amesahau, wazee husahau. Leo nikikumbuka tabasamu lile nasikia aibu.

Mama wa kwanza niliyemchagua kutoka kwenye zile fomu alikuwa namba kumi na saba. Nitamwita Mama Zakayo, kwa jina la kubuni la mtoto wake wa kwanza. Nilimkuta kwenye mtama wake, jembe mkononi. Alinisalimia kwa Kinyiramba, nikaitikia, akacheka kidogo kwa lafudhi yangu ya mjini. Akanawa mikono, tukakaa ukutani penye kivuli. Nilimwambia kwamba aliongea na mwenzangu, na mimi nataka anisimulie tena kidogo, kwa maneno yake.

Akasema hajawahi kuongea na nesi yeyote nyumbani kwake.

Nikatoa fomu. Nilidhani nikimsomea atakumbuka. Nikasoma: alijifungulia zahanati, mtoto mzima, ameridhika na huduma.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Aliyesema hivyo ni nani?"

"Fomu inaonyesha ni wewe, mama."

Aliangalia mtama wake. Kisha akaniambia. Mvua za mwaka jana uchungu ulimshika asubuhi. Mume wake alimpakia kwenye baiskeli, wifi yake akishika nyuma, wakafika korongoni wakakuta maji yamejaa ukingo hadi ukingo. Wakasubiri yapungue. Adhuhuri hayajapungua. Alijifungulia pale kwenye ukingo, juu ya turubai la kuanikia alizeti, wifi yake akiwa ndiye mkunga. Mtoto wa kiume. Alilia mara moja, akanyamaza, akaanza kubadilika rangi, na hakuna aliyejua la kufanya. Mimi ningejua. Mwanaidi angejua. Ni jambo tunalofanya kila wiki, la dakika mbili, kwa kitambaa na kibofu cha kupulizia hewa. Alasiri maji yalipungua na mume wake akavuka kwenda kumtaarifu mama yake mzazi, lakini hapakuwa tena na haraka.

Aliongea bila kulia. Alipomaliza akagusa ile karatasi kwa kidole.

"Nesi," akasema, "mwanangu mmemwandika mzima."

Nilimwomba radhi, lakini nilisikia maneno yangu yalivyo mepesi. Aliniletea maji ya kunywa. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonivunja, yale maji.

Nilikwenda nyumba nyingine sita siku hiyo. Sikuhitaji kumaliza sita, ya pili ingetosha. Hakuna aliyeulizwa. Mmoja wa kina mama kwenye orodha alishahamia Igunga tangu mwaka juzi, lakini fomu yake inasema aliipenda sana kliniki yetu.

Nyumbani nilizipanga zile fomu za ridhaa mezani, mama akiwa amelala. Niliziangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kuona. Alama za dole zote zilikuwa na mstari mweupe unaokata katikati, kutoka kushoto kwenda kulia, umeinama kidogo. Kovu lile nalijua. Mwanaidi alijikata dole gumba kwa kifuniko cha kopo la samaki tukiwa mwaka wa pili chuoni, na nyuzi tatu nilimshona mimi, zikiwa nyuzi zangu za kwanza kumshona mtu aliye hai.

Dole moja. Fomu thelathini na mbili.

Alhamisi nilimfuata zahanati. Nilisubiri kliniki ya watoto iishe, tukaingia stoo, tukasimama kati ya maboksi ya glavu. Niliweka fomu tatu juu ya boksi. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wake. Hakusema uongo, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nilifika mpaka korongoni," alisema. "Siku mbili nilikwenda. Maji yamejaa, Eli. Nikarudi."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Mama yako haongei, wewe huli. Nikuambie na kazi yako imekwama?"

Nikamuuliza alizijazia wapi. Akasema kwa dada yake, hapa hapa Nduguti, siku mbili, barazani. Alikuwa hapa. Dakika kumi na tano kwa miguu kutoka nyumba hii.

"Kwa nini uliwaandika wote wazima?"

Akashusha macho. "Sikuweza kumuua mtoto wa mtu kwenye karatasi."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote. Kisha akasema jambo ambalo tangu Alhamisi linazunguka kichwani mwangu.

"Tuliomba wote ruhusa ile. Mwaka ule ule. Ya kwako ikakubaliwa, ya kwangu ikarudi. Hukuwahi kuniuliza nilijisikiaje. Ulinipa zamu zako ukaondoka."

Nikamuuliza kama ndiyo maana alinifanyia hivi. Akasema hapana. Kisha akasema hajui. Nje kulikuwa na mama anamwita nesi, mtoto wake ana homa, na Mwanaidi akaenda kumhudumia, akafunga mlango wa stoo taratibu nikiwa ndani.

Naomba niwe mkweli hapa, kwa sababu kama si hapa sijui ni wapi.

Zile fomu zilikuwa safi mno. Zangu za Desemba zina matone ya mvua, vumbi, kuna moja ina alama ya kikombe cha chai. Za Mwanaidi zilitoka vitongojini katikati ya mvua bila tone la tope. Niliona. Niliona Januari ile ile, nikasema moyoni, Mwanaidi ni mtunzaji. Na majibu yalivyofanana niliyaona. Nilikuwa na haraka, na majibu yale yalikuwa mazuri, na Dokta aliyasifia. Mwanaidi alinidanganya mara moja. Kurasa kumi na nne za kueleza uongo ule niliziandika mimi, na jina lililo juu ni langu.

Lakini hilo haliondoi kosa lake. Nimejaribu kuligawana kosa ili uchungu upungue, haupungui. Kama angekuwa mtu mwingine ningekasirika tu, nikalala. Huyu alimnawisha mama yangu. Ndiyo wiki ile ile. Kila nikikumbuka uji ule kwenye chupa najiuliza ulikuwa uji wa nini, na siipendi akili yangu inavyouliza hivyo. Usaliti una ubaya huo. Unarudi nyuma na kupita kwenye mambo mema yote mliyofanya, unayashika shika.

Na kuna jambo jingine, la kitaaluma kabisa, ambalo lilinijia jana naosha vyombo. Mwanaidi alikwenda kuuliza kwa nini kina mama wa ng'ambo hawafiki zahanati. Alifika korongoni, akashindwa kuvuka, akarudi. Jibu la utafiti wangu wote lilikuwa miguuni pake. Kama angeniandikia mstari mmoja tu, kwamba sikuvuka, maji yamejaa, ningekuwa na sura ya nne ya kweli.

Jana asubuhi nilimpigia Dokta. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nitakachosema, nikaishia kukisoma kama mtoto wa shule. Hakunikatiza.

"Umenipigia kabla sijagundua mwenyewe," akasema. "Hilo shika. Mengine yote ni mabaya."

Akaniambia njia ni mbili. Nifute eneo la tatu, nieleze kwa nini, nibaki na tasnifu nyembamba lakini nimalize na wenzangu. Au nirudi ng'ambo nikafanye kazi upya, nyumba zote, na mahafali ya mwaka huu niyasahau. Kwa vyovyote vile niandike maelezo ya kilichotokea, nitie saini, na nimtaje aliyehusika kwa jina lake.

Nikamuuliza kama jina ni lazima.

"Wewe ni mkunga," akasema. "Mwenzio akiandika mapigo ya moyo ya mtoto ambayo hakuyasikiliza, utaficha jina lake?"

Barua nimeiandika leo asubuhi. Jina lake lipo, jina la kweli, mstari wa tatu. La kwangu lipo mstari wa kwanza. Kurasa kumi na nne nimezifuta kwenye kompyuta, na ili nisije nikazirudia, hata ile nakala ya kwenye simu nimeifuta. Eneo la tatu sitalifuta. Jumatatu nakwenda ng'ambo, nitaanza na namba moja. Nitakapofika kumi na saba nitauliza kama naruhusiwa kuuliza, na nikiambiwa hapana nitapita.

Mahafali nitakosa. Wenzangu tuliokuwa tukisoma nao kikundi kimoja wameshaanza kutumiana picha za majoho. Nimeliwekea kimya kundi lile la WhatsApp, mniwie radhi mnaonisoma.

Jana jioni nilimwarifu Mwanaidi kwamba nakwenda ng'ambo upya; leo saa nne asubuhi akanitumia ujumbe. "Nitakwenda na wewe. Safari hii nitavuka." Sijajibu. Siwezi kwenda naye, hilo nalijua, Dokta asingekubali na Mama Zakayo hastahili kufanyiwa hivyo. Lakini sijaweza kuandika hapana. Nimeshika simu mara tatu.

Mama ameniuliza mchana mbona Mwanaidi haonekani wiki hii. Siku hizi anaongea taratibu, neno moja moja, kama anayeokota choroko. Nikamwambia kazi zimembana. Akasema, "Mwambie aje. Nimemwekea mlenda." Kwa hiyo na mimi leo nimedanganya mtu anayeniamini, na ilikuwa rahisi, na nilikuwa na sababu nzuri.

Sijui barua ile itamfikisha wapi. Labda chuo kitaishia kumwondoa kwenye orodha ya wasaidizi. Labda itafika kwa mwajiri wetu. Vyovyote itakavyokuwa, ruhusa yangu ya masomo ina mwisho, na mwisho huo ukifika nitarudi zahanati ile ile. Kama yeye bado yupo, tutapangwa zamu moja kama zamani, kwa sababu wakunga tuko wawili tu. Mama mjamzito ataletwa uchungu umeshamshika. Mmoja wetu atakaa kichwani, mwingine miguuni. Hapo hakuna muda wa kuhakikisha. Mwenzako akisema mapigo ni mazuri unaendelea, akisema sukuma unamwambia mama asukume.

Akiniambia mapigo ni mazuri, nitaendelea? Au nitamsogeza kando, mbele ya mama yule anayetutazama sisi wawili, niinamie tumbo nisikilize mwenyewe?